Treni Iliyorudishwa Dukani

Fundi Mapazia hakuwa mtu mbaya. Wateja wake wote wangekula kiapo kwa hilo, hata wale aliowahi kuwafokea kwa kumletea vipimo vya madirisha walivyovikisia kwa macho. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja uliomtafuna tangu ana miaka kumi na minne, siku mdogo wake alipoletwa nyumbani amefungwa kwenye blanketi jipya na baba yao akasahau kuuliza kama chakula kimeiva. Ugonjwa wenyewe ni wivu. Haukumlaza kitandani wala haukumzuia kufanya kazi, lakini haukuwahi kupona.

Mdogo huyo, kitindamimba wa nyumba, waliendelea kumwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima, mfamasia, mke wa mtu, anayeishi nchi ambayo kuifikia ni kupanda ndege mbili. Alipiga simu, alituma picha, na mwaka uliopita alituma kompyuta. Baba yao alikuwa dereva wa treni mstaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Dereva ingawa miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu astaafu. Aliiweka kompyuta ile sebuleni juu ya meza yake peke yake, akaifunika kitambaa, akaanza kuitangaza. Aliyekuja kuazima ngazi alionyeshwa. Aliyekuja kusoma mita ya umeme alionyeshwa.

"Kompyuta ya Kitinda," alisema kila mara. "Kaniletea Kitinda wangu."

Na nani alimfulia Dereva mashuka? Nani alimpangia vidonge vya presha kwenye kile kijisanduku chenye siku saba? Nani alimkata kucha kila Jumamosi, maana mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka juzi? Hakuna msoma mita aliyewahi kuitwa aje aone kucha zilivyokatwa vizuri. Fundi Mapazia aliyawaza hayo akiwa amejaza pini mdomoni, na pini zilimsaidia kunyamaza.

Tena yeye baba yake alimwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba. Ni heshima kubwa, na Fundi alijua ni heshima. Lakini Kitinda alikuwa Kitinda wangu, na mama alikuwa mtu wa kuulizwa dawa iko wapi.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho mdogo wake hakuwa nacho. Zamani, kabla Kitinda hajazaliwa, reli ilipita nyuma ya nyumba yao na kupinda kona palepale. Dereva akirudi kutoka safari ndefu alipiga honi mbili fupi kwenye kona ile. Mtoto wake wa pekee wakati huo alikuwa akiacha chochote alichoshika, anakimbilia jikoni kumbandikia baba maji ya kuoga. "Hizo mbili ni zako, mama," alimwambia. "Za wengine zote ni za kazi." Kitinda alipozaliwa, baba alikwisha kuhamishiwa karakana kufundisha madereva wapya, na reli ile ikaja kung'olewa. Kitinda hakuwahi kupigiwa honi. Dada yake hakuwahi kumsimulia jambo hilo hata mara moja. Alilificha kama watu wanavyoficha hati ya kiwanja.

Basi siku moja karani wa kliniki ya meno alifika dukani kwake. Duka lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi vioo na mtu wa kutoa fotokopi, na ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa mpaka darini. Karani alitaka mapazia ya madirisha kumi na mawili. Wakati wa kuchagua rangi, stori zikaja, na karani akalalamika kwamba mume wake haendi hata sokoni siku hizi. Amenunua mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni. Treni kabisa, yenye breki, taa, vituo na honi, unanunua kwenye duka la mtandaoni na dakika hiyohiyo iko kwako.

Fundi Mapazia alishusha futi ya kupimia. Aliona mbele yake baba akimwonyesha msoma mita treni, akisema, "Hii kaniletea mama." Roho yake ikatulia kama imepigwa pasi.

Jioni ile ile aliketi mbele ya kompyuta, akalipata duka lenyewe, akalipa kwa simu yake. Bei ilikuwa sawa na kushona madirisha manne. Pembeni juu ya ukurasa liliandikwa jina la Kitinda, lakini hilo halikumshangaza. Mdogo wake hakuwa mtu wa kutoa kitu bila kuandika jina lake mahali. Alidhani ni la kompyuta, kama chapa kwenye ndoo ya kuazimwa, akabonyeza palipoandikwa "Nunua".

Dereva alivaa miwani, akaketi. Treni ikatokea, nyekundu, inang'aa, imesimama kituoni. Mzee aliinua mkono kuelekea kibodi na mkono ukatetemeka, akabonyeza kitufe cha pembeni badala ya kile alichoelekezwa. Milango ikafunguka. Akajaribu tena, breki ikajifunga. Mara ya tatu treni ilichomoka ikapita taa nyekundu, na maandishi makubwa yakamwambia ameshindwa. Mtu aliyeendesha treni miaka ishirini na mitatu bila kupita taa nyekundu aliyasoma maandishi hayo mara mbili.

"Hii si treni, mama," alisema akivua miwani. "Hii ni televisheni yenye kiburi. Ahsante lakini."

Dakika kumi hazikufika. Ile "lakini" ilimuuma Fundi kuliko yote. Kitinda hakuwahi kupewa ahsante yenye mkia.

Akaamua kurudisha mchezo dukani. Sheria za duka zilikuwa wazi. Ukiwa hujamaliza siku ishirini na moja tangu ununue, na hujacheza zaidi ya saa mbili kwa jumla, unarudishiwa pesa zako zote. Kazi ya kliniki ilimbana dukani hata Jumapili, madirisha kumi na mawili si mchezo, hivyo alijaza fomu siku ya kumi na mbili akiwa na uhakika wote duniani. Majibu yalikuja kesho yake, kwa Kiswahili kilichovunjika miguu.

"Mpendwa Mchezaji, asante kwa kuwasiliana nasi. Tunasikitika kwa usumbufu wako. Ombi limekataliwa kwa sababu mchezo umechezwa kwa saa kumi na moja."

Damu ikamchemka. Akaandika kwa vidole viwili, akivipiga kama anapiga misumari. "Mimi si mchezaji. Nina miaka arobaini na sita na nina duka. Mchezo ulichezwa dakika kumi na mzee mmoja akachukia. Rudisheni pesa."

"Mpendwa Mchezaji, asante kwa kuwasiliana nasi. Tunaelewa hisia zako."

"Hamuelewi chochote. Mteja akinirudishia pazia mimi nalifungua, naliangalia. Kulabu zikitumika zinaacha alama kwenye utepe, na jua linakula rangi upande wa nje kwanza. Nyie alama mmeiona wapi?"

Hapo walau alijibiwa na mtu, au mashine yenye aibu kidogo. "Mpendwa Mchezaji, kumbukumbu zetu zinaonyesha mchezo umechezwa kwa saa moja kila siku kwa siku kumi na moja. Mara ya mwisho ni jana, saa tisa alasiri mpaka saa kumi."

Jana saa tisa alasiri Fundi alikuwa dukani akishona pindo. Nyumbani alikuwepo Dereva peke yake.

Aliyasoma tena yale majibu, na hasira yote ikamwishia. Kumbe! Mzee anacheza. Anajitia hamnazo mbele yake, kisha akiondoka anafungua treni yake na kufurahi, ila kiburi cha kidereva kinamzuia kukiri. Fundi alicheka peke yake mpaka mtu wa fotokopi akachungulia kuuliza kuna nini. Siku hiyo alimpunguzia bei mteja ambaye hakuwa hata ameomba.

Saa tisa na robo alifunga duka akaenda nyumbani. Aliingia kwa mlango wa uani, akavua viatu, akanyata mpaka kwenye pazia la sebule alilolishona mwenyewe, zito, la rangi ya kahawia. Akasimama nyuma yake kama mwizi katika nyumba anayoisafisha kila siku.

Dereva alikuwa ameketi mbele ya kompyuta amevaa kofia yake ya kazi, ile yenye alama ya shirika iliyokwisha kufifia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Hakugusa kitu, na treni ilikuwa inakwenda.

"Punguza," alisema. "Punguza, binti, hiyo ni tambarare ya uongo, mbele kunashuka."

"Nimepunguza, baba," kompyuta ikajibu kwa sauti ya Kitinda.

Fundi alishika ukuta. Alikumbuka kwamba Kitinda aliwahi kuweka kitu cha kuishika kompyuta ile kutoka mbali, ili ikiharibika aitengeneze akiwa hukohuko kwake. Kumbe ndicho anachotumia. Kwake hiyo ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana kazini, na badala ya kula anaendesha treni sebuleni kwa watu.

"Mpaka leo nashangaa," Kitinda alikuwa akisema. "Mchezo ulivyojitokeza kwenye akaunti yangu nilidhani nimeibiwa. Kumbe dada."

"Dada yako asisikie lolote," Dereva alisema. "Tumekubaliana."

"Mimi nimenyamaza kama nilivyoahidi. Haya, kona hii hapa. Kitufe kirefu cha chini."

Dereva akainua mkono wa kulia, akaushika na wa kushoto usitetemeke, akabonyeza. Ikatoka honi moja ndefu iliyokatikakatika.

"Mara mbili, baba! Si ulisema mara mbili? Kwani kwa nini hapa lazima iwe mbili?"

"Kona hii ndivyo inavyotaka," Dereva alisema, akacheka. Kicheko chenyewe Fundi hakuwa amekisikia ndani ya nyumba ile tangu mama yao azikwe.

Kompyuta angeimeza. Hata "Kitinda wangu" angeimeza, alikwisha kuizoea. Lakini honi mbili? Mali ile moja aliyokuwa nayo, kona yake, baba anaigawa kwa mtoto ambaye hata reli yenyewe hakuiona, tena kwa mchezo ambao yeye Fundi ameununua kwa jasho la madirisha manne! Wivu ulimpanda, na haukuwa wivu wa kujificha nyuma ya pini. Aliona wivu wazi, akajiambia hivyo kwa maneno: naona wivu, na nina haki.

Alirudi dukani pekupeku, na nusu ya njia ndipo akakumbuka viatu. Hakushona tena siku hiyo. Aliwaandikia wale wa duka la mtandaoni, safari hii bila matusi, kwa akili ya mtu aliyeumia. Aliwaeleza kwamba pesa ni zake na akaunti si yake. Alinunua kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa makosa, na mtu huyo ndiye aliyecheza saa zote hizo. Akaambatisha ujumbe wa malipo wenye namba yake ya simu.

Siku tatu wakakaa kimya. Siku ya nne, Ijumaa, wakajibu. "Mpendwa Mchezaji, asante kwa kuwasiliana nasi. Ombi lako limekubaliwa. Mchezo utaondolewa kwenye akaunti husika." Simu ikalia kwa ujumbe mwingine, pesa zimeingia, hata senti moja haikupungua. Fundi alijisikia kama aliyeshinda kesi ya mirathi. Alitembea mpaka nyumbani ameinua shingo, akampikia baba yake chakula kizuri, na usingizi wake ulikuwa mnono.

Jumapili mchana alikuwa akiosha vyombo Dereva alipomwita.

"Mama, acha vyombo hivyo. Njoo ukae hapa."

Fundi akaja akifuta mikono. Mzee alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe, amejikata mara mbili kidevuni, amevaa kofia. Kwenye kompyuta uso wa Kitinda ulikuwa tayari unatazama, na kulikuwa na kiti cha pili kimewekwa ubavuni pa mzee.

"Nilikuambia televisheni yenye kiburi," Dereva alisema. "Nilikosea. Keti. Wewe ni abiria leo."

Akabonyeza mahali pa treni. Hakukuwa na treni. Akabonyeza tena. Akavaa miwani vizuri, akasogea karibu, kisha akainua kibodi na kutazama chini yake, kana kwamba treni ingekuwa imeangukia huko.

"Mbona haipo?"

Fundi alimtazama Kitinda, na Kitinda akatazama pembeni.

"Itakuwa mtandao, baba," Kitinda alisema. "Mambo hayo hutokea. Nitaangalia kesho." Akaaga haraka, akasema ana mgeni mlangoni.

Dereva aliendelea kuketi na kofia yake kichwani. Mkono wake wa kulia ulitafuta kile kitufe kirefu ukakipata, ukakibonyeza mara mbili. Hakikutoa sauti.

"Nilitaka kukupigia zako," alisema. "Kuna kona kule, mama, baada ya kituo cha kumi na moja. Utadhani waliitoa nyuma ya nyumba yetu. Kufika huko kazi, lazima umalize vituo vyote, na mikono yangu hii unaijua. Nikamwomba huyu mdogo wako anisogeze mpaka konani, honi nitapiga mwenyewe. Honi sikutaka aiguse. Alhamisi ndiyo nimeziweza zikatoka mbili, fupi, sawasawa. Nikaiacha ipumzike mpaka Jumapili hii, mama akiwa nyumbani."

"Nitakuletea dawa, baba," Fundi alisema, kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyokuwa karibu. Akaenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike akilia.

Palepale, bomba likimwagika, aliwaandikia wa duka. Nimebadili nia. Chukueni pesa, rudisheni mchezo kama ulivyokuwa, pamoja na vituo vyake. Alisubiri akiwa ameegemea sinki. Majibu hayakuchelewa, kwani sasa ilikuwa kweli ni mashine. "Mpendwa Mchezaji, asante kwa kuwasiliana nasi. Marejesho yaliyokamilika hayawezi kutenguliwa. Unaweza kununua mchezo upya wakati wowote." Aliomba tena. Aliwaambia kuna mzee wa miaka sabini na nane. Wakamwambia wanaelewa hisia zake.

Angenunua upya basi, kwa jina lake. Lakini treni ingeanzia kituo cha kwanza, na kona ilikuwa baada ya kituo cha kumi na moja. Aliyafuta macho, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. Alimpigia simu mdogo wake.

"Najua, dada," Kitinda alisema kabla hajasalimiwa.

"Unajua nini?"

"Kwamba umeurudisha. Waliniandikia mimi, kama mwenye akaunti. Wakaniuliza nakubali pesa zirudi kwa aliyelipa? Nikabonyeza ndiyo."

"Ukabonyeza ndiyo! Na baba unajua anavyoipenda!"

"Nilidhani umekwama," Kitinda alisema polepole. "Nilidhani una shida ya pesa na unaona haya kuniambia. Ningekataaje?"

Fundi Mapazia aliketi juu ya ndoo. Siku zote alimwonea mdogo wake wivu kwa vitu alivyotoa, na kumbe hata ushindi wake wa Ijumaa alipewa na yeye. Alipewa kwa kuhurumiwa. Hilo lilimchoma kiasi kwamba ukweli ulimtoka bila kupangwa.

"Sikuwa na shida ya pesa. Niliwasikia siku ile, wewe na baba. Niliona wivu, Kitinda. Basi. Wivu tu."

Kisha Kitinda akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

"Na mimi je? Kila nikipiga simu namsikia anakuuliza, mama, dawa iko wapi. Mimi hajawahi kuniuliza dawa hata siku moja, dada, na mfamasia ni mimi."

Fundi alifunga bomba.

"Sikiliza," Kitinda alisema. "Vituo havijafutika. Vimehifadhiwa kwenye akaunti yangu. Mchezo ukinunuliwa tena kwenye akaunti hii, baba anaendelea palepale alipoishia."

"Basi nakutumia pesa sasa hivi."

"Tuma. Lakini nimwambie nini? Anajua ulinunua wewe, na leo ameona haupo. Nikimwambia umeurejesha wewe, atauliza ulikwenda wapi."

Fundi alitazama mlango wa sebule. Angeweza kumwambia baba yake ukweli. Alijaribu kuyaweka maneno mdomoni: baba, niliirudisha treni yako dukani kwa sababu nilimwonea mwanao wivu. Akamwona mzee na michubuko yake miwili kidevuni, na akajua hana ubavu huo.

"Mwambie umenunua wewe," alisema.

"Dada, una hakika?"

"Nunua kabla sijabadili mawazo. Unanijua."

Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema. Alimkuta Mzee Gundi, mshona viatu wa nyumba ya tatu, ameketi sebuleni na chai mkononi, na Dereva amevaa kofia anamsomesha. Kitinda alikuwa hewani. Kiti cha abiria kilikuwa wazi, Fundi akakikalia na mfuko wake wa kulabu mapajani.

"Hii," Dereva alimwambia Mzee Gundi akigonga meza, "ni treni ya Kitinda. Ya kwanza aliileta mama, lakini si unajua vitu vya mtandaoni, ikapotea. Kitinda wangu akaona isiwe tabu, akaniletea hii isiyopotea."

"Hongera yake," Mzee Gundi alisema. "Huyo ndiye mtoto."

Kitinda alifungua mdomo kwenye kioo. Dada yake akamkazia macho, naye akaufunga. Fundi Mapazia aliinamia kulabu zake, akazihesabu, akazichanganya, akaanza tena. Wivu ulikuwepo, mzima wa afya, unamtembelea mbavuni kama kawaida. Alimwonea Kitinda wivu kwa treni aliyoilipia mwenyewe mara mbili.

Treni ikapita kituo cha kumi na moja. Kitinda akapunguza mwendo bila kuambiwa. Dereva akamwashiria Mzee Gundi anyamaze, akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akavuta pumzi.

Honi zikatoka mbili, fupi, zimeachana sawasawa.

Fundi Mapazia, mwenye miaka arobaini na sita, alijikuta amesimama. Kulabu zilimwagika sakafuni na hakuziokota. Alikuwa amekwisha kuvuka pazia, na kutoka jikoni ikasikika sufuria kubwa ikiwekwa kwenye sinki na maji yakifunguliwa.

"Dada amekwenda wapi tena?" Kitinda aliuliza. "Baba? Amekasirika?"

"Hapana," Dereva alisema, akivua kofia. "Ananibandikia maji ya kuoga."